Zawadi ya Lita 85

Kila mwezi hapa tunazungumza ya kwenu: barua zenu, ndoa zenu, mikwaruzano yenu. Mwezi huu naomba nafasi nizungumze ya kwangu. Na usishtuke ukiona nataja ubao, tanga na mlingoti. Mapenzi yamo humo humo ndani, subiri tu.

Wanaonijua tangu chuo wanajua kwamba kabla sijawa mama wa watoto wawili na mhariri wa kukimbizana na wapiga chapa, nilikuwa mtu wa bahari. Nilikuwa nateleza kwa ubao wa tanga pale ghuba ya Msasani, mchezo ambao wenyewe wanauita windisafingi. Ule wa kusimama juu ya ubao umeshika tanga kwa mikono miwili, upepo unakupeleka. Vifaa havikuwa vyangu, tulikuwa tunaazimwa. Mbao ndefu za miaka ya 1980, mita tatu na nusu hivi, nzito kama mlango wa Zanzibar, zenye pezi kubwa linaloshuka katikati. Mume wangu aliniona kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya moja ya mbao hizo, mwaka 2010. Mpaka leo anapenda kuwasimulia wageni, tena anaongeza chumvi kidogo. Mimi wakati huo nilikuwa na kilo 58 na pumzi isiyoisha.

Halafu ikaja kazi, ikaja harusi, zikaja mimba mbili. Bahari nikawa naiona asubuhi tu, kwenye foleni, navuka Daraja la Tanzanite nikiwa nimechelewa kikao.

Sasa mwaka huu, siku yangu ya kuzaliwa, narudi nyumbani nakuta kochi limesogezwa na sebule nzima imejaa. Ubao mwekundu unaong'aa. Matanga mawili, mlingoti, bumu (ule upinde wa kushikia tanga), kamba kibao. Mgeni mmoja alikuwa anamaliza mkataba anarudi kwao, anauza kila kitu, na mume wangu akatoa shilingi milioni moja na laki mbili bila kuniambia. Muuzaji akamhakikishia kwamba ubao ule ndio wa aina wanayotumia mabingwa. Na hakudanganya, hapo ndipo penye tatizo.

"Sasa huna kisingizio tena," mume wangu akaniambia, macho yanacheka.

Nikainama nisome maandishi ya kwenye ubao. Lita 85. Nikatabasamu, nikamkumbatia, nikanyamaza. Nilinyamaza wiki tatu.

Ngoja nikueleze kwa nini. Ubao wa siku hizi huandikwa ujazo wake kwa lita, na hiyo ndiyo namba ya kwanza kuitazama kabla ya rangi, kabla ya jina la kampuni. Hesabu yake haihitaji digrii: lita moja inaelea na kilo moja, takriban. Mimi leo nina kilo 74. (Ndiyo, nimeziandika kwenye gazeti. Mhariri mkuu nimemwonya asizifute.) Ubao wenyewe una kilo kama saba, tanga na mlingoti wake kilo kama nane. Jumlisha: 89. Ubao unaweza kubeba 85. Maana yake nikisimama juu yake bila kuwa kwenye mwendo, unazama. Mabingwa hawajali, kwa sababu wao wanaanzia ndani ya maji, tanga linawanyanyua moja kwa moja mpaka kwenye mwendo, na wanatoka upepo ukiwa mkali. Mtu wa kilo 58 aliye fiti, mwenye upepo mzuri, angeumudu ubao ule vizuri tu. Yaani baba watoto alikuwa amemnunulia zawadi msichana wa mwaka 2010.

Utamwambiaje mtu hilo, jamani? Ningesema "ubao mdogo", yeye angesikia "umenunua vibaya". Na mimi mwenyewe kuna neno nilikuwa nalikwepa, nalo ni "nimenenepa". Basi kila Jumamosi nikawa na sababu: leo maji mafu, leo mtoto ana mafua, leo kusi limezidi. Mume wangu si mtu wa bahari, akawa anakubali. Lakini nikaanza kuona anapita karibu na ule ubao bila kuutazama. Ukiona mwanaume anapita hivyo karibu na kitu alichokinunua kwa fedha yake, ujue kuna kitu kimeshaharibika.

Mwezi wa saba nikajikaza, tukaenda Kigamboni na watoto. Kusi linavuma vizuri, si la kutisha, kama noti 15 hivi (noti za upepo, siyo za benki). Nikaanza kufunga tanga, na hapo hapo nikagundua kwamba hata kufunga nimesahau. Si kusahau hasa. Nilikuwa nafunga kizamani. Zamani ulikuwa unavuta kamba ya nyuma kwa nguvu mpaka tanga linyooke kama ngoma. Matanga ya kizazi hiki, kazi kubwa iko kwenye kamba ya chini ya mlingoti. Unaivuta mpaka mlingoti ujipinde na ukingo wa nyuma wa tanga kule juu ulegee, upeperuke kidogo. Ukiliona hivyo mara ya kwanza utasema limeharibika. Kumbe ndivyo linavyotakiwa: upepo ukipiga ghafla, ule ulegevu wa juu unaumwaga, mikono yako inapumzika. Ukilifunga kizamani litakuvuta hovyo, halafu utalaumu umri.

Jirani yetu pale ufukweni alikuwepo mzee mmoja anatengeneza ngalawa yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akautazama ubao, akanitazama mimi, akaurudia ubao. "Chombo hiki cha mtoto?"

"Cha kwangu mzee."

"Ahaa." Akaendelea na kamba za mirengu yake. Adabu ya watu wa pwani hiyo, msomaji wangu. Hasemi, lakini ameshasema.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Nilipanda, ubao ukazama mpaka magotini, nikaanguka. Nikavuta tanga kutoka majini, nikaanguka. Nadhani nilianguka mara ishirini. Mara ya mwisho nikakaa tu ndani ya maji nimeukumbatia ubao, nalia, na uzuri wa kulia baharini ni kwamba hakuna anayejua. Ufukweni namwona mume wangu amesimama na simu, anasubiri kunipiga picha.

Tulikuja kuongea kwenye foleni ya pantoni, mahali ambapo huwezi kumkimbia mtu.

"Nimekuwa mzito kwa ule ubao," nikasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, umeshatoa milioni na laki mbili? Halafu wewe hukuninunulia mimi. Ulimnunulia yule wa 2010."

Mtoto wa nyuma akauliza, "Nani wa 2010?"

Mume wangu hakumjibu. Alinyamaza mpaka magari mawili yakaingia. Kisha akasema polepole, "Mimi nilimnunulia mke wangu. Hizo lita ningezijulia wapi mimi?"

Sikuwa na jibu. Wiki tatu nzima nilikuwa nimemhukumu kwa kosa la kutojua kitu ambacho mimi ndiye ninayekijua.

Usiku ule tulitoa mizani bafuni, ile niliyokuwa nimeisukumia chini ya sinki. Akapanda yeye kwanza: kilo 91. Akacheka mwenyewe. Nikapanda mimi: 74. Basi. Dunia haikupasuka. Tukakaa na kalamu na karatasi, na naomba nawe utoe kalamu kama una mpango wa kurudi majini baada ya miaka.

Kwa anayerudi, chukua kilo zako za leo, siyo za harusi, ongeza kati ya 40 na 60. Mimi ikaja kama lita 125. Ukiongeza chache zaidi ya hapo hukosi kitu. Ukipunguza, utaanguka sana na mwezi wa pili utaacha. Upana nao ni muhimu kuliko zamani. Mbao zetu za kujifunzia zilikuwa na upana wa sentimita 65 hivi na urefu wa kama ngalawa. Kuanzia miaka ya 2000 mbao zikafupishwa, nyingi ziko karibu mita mbili na nusu, lakini zikapanuliwa, 70, 75, 80 na zaidi. Upana ndio unaokufanya usimame bila kutetemeka, na ndio unaosaidia ubao kupanda juu ya maji mapema hata upepo ukiwa wa wastani. Tofauti ni kwamba usisimame kwa mazoea ya zamani, mbele karibu na mlingoti. Ubao mfupi ukiuelemea mbele unachoma pua.

Lile pezi la katikati je? Watakuambia limepitwa na wakati. Usiwasikilize sana. Kama unatoka asubuhi upepo ukiwa mdogo, au nyakati za tanga mbili ambapo kusi limekwisha na kaskazi haijashika, pezi la katikati ndilo linalokuwezesha kubisha mpaka ulipotoka badala ya kurudi kwa miguu umebeba vitu kichwani. Mbao nyingi za kujifunzia bado zinalo. Kwa anayerudi, mimi naona ni bima.

Na foili? Hapa wanaume watanichukia. Foili ni lile bawa linalokaa chini ya ubao kwenye nguzo, linaunyanyua mzima mzima juu ya maji. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mashindano ya ubao wa tanga yalikuwa ya foili, na ukitazama unasisimka kweli. Lakini nguzo ile peke yake inakaribia mita moja. Sasa fikiria mwambao wetu maji yakiwa yametoka, miamba iko hapo chini, wale wa miiba myeusi wako hapo chini. Utakwenda hatua hamsini tu, bawa litagonga, wewe utarushwa mbele. Inawezekana kwa anayejua kina cha maji na ratiba ya bamvua. Kwa mwaka wa kwanza wa kurudi, iache. Kaiti nazo ni mchezo mwingine kabisa. Zipo nyingi Paje na Diani, na zinahitaji mwalimu hata kama zamani ulikuwa bingwa wa tanga.

Tulipotulia tukagundua zawadi haikuwa ya kutupa. Ubao ndio haukufaa, lakini vitu vya juu vilikuwa na uhai. Lile tanga la mita za mraba 6.2 lilikuwa zima, na kwa kilo zangu na kusi la kawaida linafaa. Lile dogo la 4.7 lilikuwa limekwisha, kwa sababu ile plastiki angavu ya tanga ikikaa juani miaka inakauka, inaingia umanjano, ukiikunja kidogo inalia kama karatasi na kupasuka. Ukienda kununua tanga kuukuu likunje kona mbele ya muuzaji umsikie anavyopumua. Kisha soma maandishi ya chini ya tanga: pameandikwa urefu wa mlingoti unaotakiwa na urefu wa bumu. La kwetu linataka mlingoti wa sentimita 430 na ndio tuliokuwa nao, bahati njema. Milingoti ya sasa iko minene na myembamba, na myembamba huhitaji kipande cha kujazia kwenye bumu la zamani ili likae vizuri. Pia kila mlingoti una namna yake ya kujipinda. Ukichanganya tanga la kampuni moja na mlingoti wa nyingine hovyo, tanga litakunjamana na hutajua kosa liko wapi.

Kitu kimoja usikinunue kuukuu kabisa: kile kiungo cha mpira kinachoshikanisha mlingoti na ubao. Cha kwetu nilikikunja mpaka mwisho nikaona nyufa. Kikikatika mbali na ufukwe, tanga linakwenda huku na ubao kule, na wewe uko katikati. Kipya hakikufilisi. Kamba nazo tulibadilisha zote.

Ubao kuukuu unaukagua kwa vidole gumba. Minya kuzunguka kanda za miguu na pale mlingoti unapoingia. Pakibonyea, tabaka la juu limeachana na la ndani. Utikise usikilize kama kuna maji. Upime uzito ulinganishe na ule uliotajwa na kiwanda. Ukikuta kilo mbili zimeongezeka, hayo ni maji yaliyoingia, na hayatoki kirahisi. Tazama nyufa pale pezi linapochomekwa. Na ukishaununua, mbao nyingi zina skrubu ndogo ya kupumulia: ilegeze ubao ukiwa juani juu ya gari, maana kwa joto hili la Dar hewa ya ndani inatanuka mpaka inachana ubao, kisha uikaze kabla hujaingia majini. Nimeandika sentensi hiyo polepole kwa sababu najua utasahau nusu ya pili.

Kuhusu mkanda wa kujifungia kwenye bumu, akina mama wenzangu, sikilizeni. Upo wa kiunoni na upo wa kukalia, unaopita mapajani. Wa kiunoni unapendeza kwenye picha. Mgongo wangu baada ya kuzaa mara mbili uliniambia nichukue wa kukalia, nami nikautii. Na fulana ya kuelea usione haya. Wala usitoke siku upepo unatoka nchi kavu kwenda bahari kuu, hata kama maji yanaonekana yametulia. Hasa ndiyo maana yanaonekana yametulia.

Tukafika kwenye ubao sasa. Mimi nilitaka lita 125. Mpya, huko Ulaya, ubao peke yake mara nyingi unavuka yuro 1,500, bado usafiri na ushuru; tukakubaliana kwamba hilo halipo, mwezi wa kwanza kuna ada. Tukawa tunatafuta kuukuu. Wiki ya pili mume wangu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia.

"Na mimi nikitaka kujifunza?"

Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kukaa ufukweni na simu. Nikamtazama nione kama anatania. Hatanii.

Basi hesabu ikavurugika. Mtu wa kilo 91 anayeanza kabisa, inafaa apate lita 170, hata 180. Huo kwangu ni meli. Tulibishana siku mbili, safari hii kwa sauti, na mwisho tukakutana kwenye lita 160 wenye pezi la katikati na upana wa sentimita 82. Yeye anautumia asubuhi maji yakiwa shwari, anayumba, anatukana kimoyomoyo, anapanda tena. Mimi nauchukua mchana upepo ukiingia. Siku ya kusi kali unanishinda, unagonga mawimbi kama bakuli, na nakiri huwa namwonea wivu yule ambaye angekuwa na 125 yake peke yake. Lakini nimeshafanya mwendo wa kwenda na kurudi bila kuanguka, mara nne mfululizo, na picha anazo.

Ule mwekundu bado uko koridoni. Nilitaka tuuze, tupate fedha ya tanga dogo. Mume wangu akasema tusubiri kidogo. Juzi nikaona binti yetu, darasa la tatu, kilo 26, ameukokota mpaka chumbani kwake na ameandika jina lake kwenye mkia kwa kalamu ya wino, juu kabisa ya ile namba 85. Anauliza matanga ya watoto yanauzwa wapi. Yapo ya mita mbili za mraba. Kama kuna msomaji analo ambalo watoto wake wameshalikua, aandike kwa anwani ile ile ya kila mwezi.